Shajara ya mradi: semista ya kwanza ya Takwimu baada ya kuhama Jiolojia

Wiki ya 4, Jumatatu

Leo jina langu limetoka kwenye orodha ya Jiolojia na kuingia kwenye orodha ya Takwimu. Idara niliyotoka imesaini, idara ninayokwenda imesaini, na ukurasa wangu kwenye mfumo wa chuo unaonyesha programu mpya. Nimeamua kuichukulia semista hii kama mradi na kuiandikia shajara. Lengo ni kumaliza kozi zote za semista ya kwanza ya Takwimu ndani ya wiki 12 zilizobaki, bila sapu (mtihani wa kurudia), na bila kuruka msingi wowote ambao mwaka wa pili utaudai.

Kuhama kwenyewe kuna utaratibu wake. Kwa taratibu za TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, anayehama lazima awe na sifa za kuingia kwenye programu anayoiendea, nafasi iwepo, na jambo lifanyike ndani ya muda uliotangazwa mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Nilisoma PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati), hisabati yangu ya kidato cha sita inaruhusu, na nafasi ilikuwepo. Habari za namna ya kuhama zimejaa kila kona ya chuo. Ukimuuliza CR (kiongozi wa darasa) yeyote atakuelekeza. Habari za namna ya kubeba kozi ukishahama ndizo nilizozitafuta nikazikosa, na ndiyo maana naziandika kwa ajili ya mwenzangu atakayefuata.

Kwa nini Takwimu? Mwaka 2022 kaka yangu alikuwa karani wa sensa. Alizunguka nyumba kwa nyumba na kishikwambi chake, na jioni akirudi hakutuambia lolote la kaya za watu, maana aliapa kutunza siri. Lakini alitueleza jinsi swali moja likiulizwa kwa haraka linavyozaa jibu lisilo sahihi, na jinsi alivyolazimika kurudi mlango uleule kulirekebisha. Matokeo yalipotangazwa, watu 61,741,120, nilitaka kujua safari ya ile namba kutoka mlangoni hadi kwenye mpango wa shule na zahanati. Nilipoomba chuo niliweka Jiolojia juu kwa sababu wakubwa nyumbani walisema migodi inalipa. Walinitakia mema na nawashukuru. Moyo wangu lakini uko kwenye hesabu za watu.

Wiki ya 4, Jumanne

Kozi nilizokuta zinanisubiri:

Kalkulasi I, krediti 12
Utangulizi wa Takwimu, krediti 12
Maikroekonomiksi, krediti 12
Aljebra ya Matriksi, krediti 8
Kompyuta kwa Watakwimu, krediti 8
Stadi za Mawasiliano, krediti 8

Jumla krediti 60. Mtu akisikia kozi sita anafikiria vipindi sita kwenye ratiba, na hapo ndipo hesabu inapoanza kupotea. Katika mfumo wetu wa vyuo vikuu krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kipindi, semina, kusoma peke yako, kazi za kuandika na maandalizi ya mtihani, vyote humo ndani. Mwaka mmoja ni krediti 120, shahada ya miaka mitatu ni 360. Kwa hiyo semista ya krediti 60 ni saa 600, na ukizigawa kwa wiki 15 za kufundishwa unapata saa 40 kila wiki. Hiyo ni kazi ya ofisini kamili, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, Jumatatu hadi Ijumaa.

Nimeichambua pia kozi moja ya krediti 12 nione saa zake zinakaa wapi. Vipindi ni saa tatu kwa wiki, semina saa moja. Kwa wiki 15 ni saa 60. Kozi nzima ni saa 120. Maana yake anayehudhuria kila kipindi bila kukosa hata kimoja, akatoka pale na kwenda kulala, amefanya nusu ya kozi. Nimeiandika hesabu hii kwa kalamu nyekundu ukutani juu ya kitanda.

Sasa deni. Katika niliyosoma Jiolojia, kozi moja tu ndiyo ya pamoja, Stadi za Mawasiliano. Krediti 52 zilizobaki zimekwenda wiki tatu bila mimi. Saa 520, mara 3, gawanya kwa 15: saa 104. Nikizitandaza kwenye wiki 12 zilizobaki ni karibu saa 9 kwa wiki juu ya zile 40. Jumla 49, yaani saa saba kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwemo.

Namba hii haikunitisha. Ilinipa utulivu, maana kabla ya kuihesabu nilikuwa na hofu isiyo na kipimo, na sasa nina saa saba.

Wiki ya 4, Jumatano

Nimeonana na mshauri wangu wa masomo. Nilikuwa na swali moja: naweza kuendelea na Utangulizi wa Jiolojia kama kozi ya hiari, krediti 8, kwa kuwa nimeshaianza na daftari lina kurasa nyingi?

Akaniangalia kwa muda. "Binti, unaitaka hii kozi, au unazionea huruma wiki tatu ulizokaa kule?"

Nikamwambia, "Dokta, naipenda. Napenda kujua jiwe limetoka wapi."

"Basi nenda kaihesabu halafu urudi."

Nimeihesabu palepale nje ya ofisi yake. Krediti 68 ni saa 680, wiki inakuwa na saa 45 kabla ya deni. Ukiongeza deni ni 54, karibu saa nane kila siku bila kupumzika hata siku moja, na bila nafasi ya kuugua. Nimerudi nikamwambia naiacha. Amesema kozi za hiari zipo pia mwaka wa pili na wa tatu, na takwimu za madini ni uwanja mzima: watu wanachimba matundu machache ardhini na kukadiria kiasi cha madini yaliyo katikati ya matundu. Nimeliandika hilo pembeni. Kumbe si lazima niyaage mawe moja kwa moja.

Wiki ya 4, Ijumaa

Swali la leo ni nianze kulipa deni wapi. Nimekaa kwenye kimbweta, meza ya kusomea iliyo nje ya maktaba, na madaftari niliyoazima kwa wenzangu watatu, nikawa najiuliza kila kozi: je, wiki tatu za kwanza ndizo zinazobeba wiki ya kumi?

Utangulizi wa Takwimu: aina za data, majedwali, chati, wastani, kati, modi. Mengi ya haya nimeyapitia sekondari. Deni lake ni la saa 24 kwenye karatasi, ila kwa kweli litalipika kwa saa chache. Maikro: ugavi na mahitaji; hisabati yake ni nyepesi na lugha yake ndiyo mpya. Kompyuta: bado walikuwa wanafundisha kuweka programu kwenye mashine. Matriksi: kuzidisha na kutafuta kinyume. Inahitaji mazoezi ya mkono tu.

Kalkulasi ni jambo jingine. Wiki tatu za kwanza zilikuwa za limiti (thamani ambayo namba inaikaribia) na mwendelezo, na hakuna mada hata moja inayofuata ambayo haijajengwa juu ya hizo. Tena inalishwa kwingine: mwakani Nadharia ya Uwezekano itataka intigro kila ukurasa. Kwa hiyo ingawa kwenye karatasi Kalkulasi na Utangulizi wa Takwimu zina deni sawa, nimeipa Kalkulasi nusu ya saa zote za deni hadi itakapokaa sawa. Krediti zinasema kozi ina ukubwa gani. Hazisemi kozi ipi imeshikilia nyingine, na nadhani hilo ndilo mtu aliyehama anapaswa kulitafuta kabla ya kufungua daftari la kwanza.

Wiki ya 5

Limiti.

Kidato cha sita tulifundishwa kukokotoa. Ukipewa mraba wa x unatoa 2x, ukipewa intigro unaitatua, unapata alama zako. Hapa mhadhiri hataki jibu, anataka uthibitisho. Swali la kwanza kwenye karatasi ya semina: onyesha kwamba x inapokaribia 2, 3x + 1 inakaribia 7. Mtu wa kidato cha sita ataingiza 2 na kusema ni 7, imeisha. Chuo kinauliza: unajuaje?

TA (mhadhiri msaidizi) wa Kalkulasi alinipa saa moja baada ya semina. Akaniambia nifikirie mabishano ya watu wawili. Mpinzani anakupa kosa dogo analoweza kulivumilia, aliite epsiloni, dogo kiasi chochote apendacho. Kazi yako ni kumjibu kwa umbali, delta: ukikaa ndani ya umbali huu kutoka kwenye 2, tofauti itakuwa ndogo kuliko kosa lako. Tofauti kati ya 3x + 1 na 7 ni mara tatu ya tofauti kati ya x na 2. Basi delta yako ni epsiloni gawanya kwa 3. Akipunguza kosa lake, wewe unapunguza umbali wako, na hawezi kukushinda milele.

Nilirudia mfano huu mpaka nikaweza kuuandika bila kutazama. Kisha nikabadilisha mstari ukawa mkunjo, nikakwama, nikarudi tena. Sehemu kubwa ya saa za deni za wiki hii imekwenda hapo na sijutii hata dakika. Maana TA alimaliza kwa sentensi iliyonifanya nikae wima: wastani wa sampuli unapokaribia wastani wa watu wote kadiri sampuli inavyokua, neno "kukaribia" ni hilihili. Wadadisi wanahoji kaya chache na kusema jambo la nchi nzima kwa sababu mtu fulani alithibitisha limiti. Hii ndiyo Takwimu niliyoifuata.

Wiki ya 6

Mambo ya fedha, kwa ufupi, kwa sababu yanakula saa za masomo. Mnufaika wa mkopo akihama programu, Bodi ya Mikopo inapaswa kupata taarifa kupitia chuo, kwa sababu baadhi ya vipengele vya mkopo vinategemea programu: ada ni moja, mahitaji maalumu ya kitivo ni kingine, mafunzo kwa vitendo pia. Nimepeleka nakala ya barua ya kuhama pamoja na namba yangu ya mtihani wa kidato cha nne kwa afisa mikopo wa chuo, nikaweka nakala nyingine kwenye faili langu. Mwenzangu utakayehama: fanya hili siku hiyohiyo unayopata barua, usisubiri siku ya kusaini bumu (fedha za kujikimu za mkopo).

Deni la Utangulizi wa Takwimu limelipwa lote, kama nilivyotarajia. Matriksi nusu.

Wiki ya 7

Kazi ya kwanza ya kuandika ya Utangulizi wa Takwimu imenifurahisha mno, kwa hiyo nitaieleza kwa kirefu.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Ya mwaka 2022 watu 61,741,120. Tuliulizwa: kasi ya ongezeko kwa mwaka ni asilimia ngapi?

Njia inayokuja haraka ni hii. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata 1.374. Ongezeko la miaka kumi ni asilimia 37.4. Gawanya kwa 10: asilimia 3.7 kwa mwaka. Nusu ya darasa iliandika hivyo. Lakini mtoto aliyezaliwa 2013 naye yumo kwenye hesabu ya 2014. Ongezeko linajiongeza juu ya ongezeko. Namba tunayoitafuta ni ile ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara kumi inatoa 1.374, na hiyo ni kama 1.032. Kasi ni asilimia 3.2, na ndiyo iliyotangazwa.

Mtu atasema tofauti ya nusu asilimia ni ndogo. Nikaijaribu: chukua watu wa 2012, wakuze kwa asilimia 3.7 kwa miaka kumi. Unapata zaidi ya milioni 64, yaani watu karibu milioni 3 ambao hawapo. Mkoa wote wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728. Kwa kugawanya mahali pa kutafuta kipeuo, umezalisha zaidi ya nusu ya Dar es Salaam, na mtu akipanga madawati kwa namba hiyo atawapangia watoto ambao hawajazaliwa, huku watoto waliopo mahali pengine wakikaa chini.

Nimempigia kaka simu kumweleza. Aliniambia, "Sasa unaelewa kwa nini nilikuwa narudi mlango uleule."

Wiki ya 9

Testi ya kwanza imepita kwenye kozi nyingi na matokeo yamebandikwa. Hapa kwetu alama za ndani ni 40 na mtihani wa mwisho, UE, ni 60. Testi hii ina alama 15. Utangulizi wa Takwimu nimepata 12, Maikro 11, Kalkulasi 8.

Nane kwa aliyeingia wiki ya nne ni hatua, lakini lazima niipime kwa uzito wake. GPA yetu, yaani wastani wa pointi za kozi zote, inakwenda hadi 5: A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na kila pointi inazidishwa kwa krediti za kozi. Chukua mtu mwenye kozi mbili, moja ya krediti 12 na moja ya krediti 8. Akipata A kwenye ndogo na B kwenye kubwa, wastani wake ni 3.8. Akigeuza, A kwenye kubwa na B kwenye ndogo, ni 4.2. Herufi ni zilezile. Kwa hiyo saa moja iliyohamishwa kutoka Stadi za Mawasiliano, ambayo niko mbele, kwenda Kalkulasi ina faida mara mbili: krediti ni nyingi zaidi na mizizi ni mirefu zaidi. Nimehamisha saa mbili kwa wiki.

Neno kuhusu diskasheni. Tuko watano, tunakutana kimbwetani baada ya chakula cha jioni. Kwa Maikro diskasheni ni dawa. Ukimsikia mwenzako akieleza kwa nini bei ya nauli ikipanda watu wa Mbezi bado wanapanda daladala, unaelewa mahitaji yasiyobadilika sana kwa bei kuliko kusoma kurasa kumi. Kwa uthibitisho wa limiti sikubaliani na wenzangu. Ukiingia kwenye diskasheni kabla hujahangaika na swali peke yako, unatoka na maandishi ya mtu mwingine kwenye daftari lako, na siku ya testi yeye hayupo. Tumekubaliana kwamba swali la Kalkulasi halijadiliwi mpaka kila mmoja aonyeshe ukurasa wake aliojaribu. Mwanzoni palikuwa na manung'uniko. Sasa ndiyo kanuni yetu.

Wiki ya 10

Kompyuta. Tunatumia R, programu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya 1990. Ni ya bure kabisa. Kwa mwanafunzi mwenye laptopu ya mtumba, hilo ni jambo kubwa: ukishaipakua kwa bando moja, inafanya kazi bila intaneti, na unachojifunza hapa ndicho wanachotumia watafiti wakubwa duniani.

Nimeingiza idadi ya watu ya mikoa na kuchora chati. Kisha nikatatua mfumo wa milinganyo ya kozi ya Matriksi kwa mstari mmoja wa amri, baada ya kuutatua kwa mkono ukurasa mzima. Majibu yamelingana. Deni la Kompyuta na la Matriksi yamefungwa pamoja, kwa sababu kila zoezi la Matriksi sasa nalifanya kwa mkono na kulikagua kwa R. Saa moja inalipa kozi mbili.

Wiki ya 12

Homa. Vipimo vimesema malaria, dawa nimeanza, mwenzangu wa chumbani kanipikia uji na kunichukulia nondo, yaani notisi, za vipindi nilivyokosa. Mungu ambariki. Saa za wiki hii hazijafika hata 25.

Mpango haujaanguka. Tangu wiki ya tano nilikuwa nazibana saa za wiki kwenye siku nyingine na kuiacha Jumamosi mchana bila kuipangia kazi. Jumamosi mbili zijazo zitaziba. Kama ningebeba ile kozi ya saba, ya Jiolojia, nisingekuwa na Jumamosi ya kukopa.

Wiki ya 13

Maikro imefika kwenye unyumbufu wa mahitaji. Mhadhiri alianza na asilimia: bei ikipanda kwa asilimia kadhaa, kiasi kinachonunuliwa kinashuka kwa asilimia ngapi. Kisha akasema, tukitaka unyumbufu kwenye nukta moja ya mkunjo tunachukua derivativu, yaani kasi ya badiliko kwenye nukta hiyo. Darasa likaguna. Mimi nilikuwa natabasamu, kwa maana derivativu ni limiti na limiti nimeilipia jasho tangu wiki ya tano. Sikuhitaji saa ya ziada kwa mada hii yote.

Deni lote la saa 104 limefungwa rasmi leo. Kuanzia sasa mimi ni mwanafunzi wa Takwimu kama wengine.

Wiki ya 15

Alama za ndani zimetoka. Kuruhusiwa kuingia UE hapa kwetu unahitaji angalau 16 kati ya 40. Wote kwenye kundi letu tumevuka. Kalkulasi nina 23. Kufika 50, yaani B, nahitaji 27 kwenye UE. Kufika 60, yaani B+, nahitaji 37. Utangulizi wa Takwimu nina 31, A ni 70, kwa hiyo nahitaji 39. Maikro 27. Kozi za krediti 8 zote ziko salama.

Siku za msuli, yaani za kujisomea kabla ya UE, zimepangwa kwa namba hizi. Nimezipa Kalkulasi na Maikro asubuhi zote, kichwa kikiwa kipya, na mitihani ya miaka iliyopita naifanya kwa saa tatu kamili nikiwa nimefunga simu. Kukesha sitakesha. Nimewaona waliokesha wakati wa testi ya pili, macho mekundu, wakisahau fomula walizozijua jana yake.

Baada ya UE

Matokeo: Utangulizi wa Takwimu A, Kompyuta A, Maikro B+, Matriksi B+, Stadi za Mawasiliano B+, Kalkulasi B. Pointi 248 kwa krediti 60, GPA 4.1. Hakuna sapu. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5 na la kwanza linaanzia 4.4, kwa hiyo najua nilipo na najua kilichobaki.

Nimewapigia simu nyumbani. Baba aliuliza jambo moja: "Na hao wenye takwimu wanaajiriwa wapi, mwanangu?" Nikamtajia Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mabenki, kampuni za bima, hospitali zinazofanya utafiti, miradi ya kilimo. Nikamweleza na zile takwimu za madini alizonitajia mshauri wangu. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe migodini bado unaweza kufika." Nikamwambia ndiyo, baba, nikitaka.

Semista ya pili ina krediti 60 pia: Kalkulasi II, Utangulizi wa Uwezekano na Makroekonomiksi za krediti 12 kila moja, Mbinu za Sampuli, Kompyuta II na Maendeleo za krediti 8. Safari hii hakuna deni, ni saa 40 kwa wiki. Zile saa 9 za ziada sitazitupa zote. Tatu nimezibakiza kwa Kalkulasi I, sura ya mifuatano na jumla zake, ambayo ndiyo iliyoniangusha kwenye UE. Nimeangalia mtaala wa Uwezekano: mfano wa kurusha sarafu mpaka upate kichwa kwa mara ya kwanza unahitaji kujumlisha nusu, robo, thumni, bila mwisho, na kuonyesha kwamba jumla ni 1. Hiyo ni sura ileile.

TA amekubali kutukalisha sisi wenye B na C kila Jumatano ya wiki tatu za mwanzo. Nimeshaandikisha watu sita. Kila mmoja atakuja na ukurasa wake aliojaribu.